Vipande Havina Mshale

Jumatatu, 6 Januari 1997

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Kurasa thelathini na mbili zimebaki tupu. Shule imekwisha, mtihani umekwisha, kurasa hazijaisha — basi nitaandika. Hakuna atakayesoma. Mama hana wakati, na Baba hawezi kufungua daftari la mtu. Ana haya kama mimi.

Leo nilienda Ruiru, Kiuu, kumwona Mourine. Tulikaa dawati moja miaka minne, yeye akiongea, mimi nikisikiliza. Leo pia. "Sasa Nakhu! Bado hujapata sauti?" Mama yake alicheka. Nikacheka pia.

Mjomba wake amemletea mchezo. Kitu cha plastiki ya kijivu, kimo cha nusu mche wa sabuni, kina kioo na vitufe. Vipande vinaanguka kutoka juu, wewe unavipanga chini. Nilicheza mara tatu, nikafa mara tatu. "Manze, hapo ni makaburini!" Mourine ananicheka mpaka machozi.

Ameanza kazi kwa saluni ya shangazi yake, hana wakati wa kucheza. Akanipa niende nacho mpaka mwisho wa mwezi. Nikikivunja nisikanyage Ruiru tena, alisema.

Jumanne, 7 Januari

Ninaandika jinsi ya kucheza, nisije nikasahau.

Kioo ni kama chumba kirefu, upana nafasi kumi. Kipande kinaanza juu, kinashuka chenyewe polepole. Vitufe vidogo vya kushoto vinakisukuma huku na huku, na kimoja cha chini kinakiharakisha. Kitufe kikubwa cha kulia, cha dole gumba la kulia, kinakigeuza. Msitari ukijaa kutoka ukuta hadi ukuta, unatoweka — ti-ti-ti! — na vya juu vinashuka. Ukiacha shimo, msitari haujai, haupotei, na vingine vinaufunika. Vikifika juu kabisa, umekwisha.

Vipande ni aina saba. Nimevipa majina. Mti, ule mrefu wa vyumba vinne. Sanduku. Jembe la kulia na jembe la kushoto. Ngazi mbili, nazo zinaelekeana. Na kimoja chenye pua katikati.

Msitari mmoja ni alama mia. Minne kwa mpigo mmoja ni elfu moja na mia tano! Lakini minne haiwezekani bila mti. Kwa hiyo unajaza kila mahali, unaacha nafasi moja ukutani, na unangoja mti uje.

Mimi ni hodari wa kungoja. Nilingoja mti mpaka nikafa. Alama 2,300.

Jumatano, 8 Januari

Mzee Mulei alikuja jioni. Ndiye mkubwa wa Baba pale ghalani. Aliketi, akakataa chai, halafu akainywa.

Niandike habari ya Baba, maana nimeikwepa. Baba ni mpanga mizigo. Miaka ishirini anapanga katoni kwenye malori hapa Thika. Lori aliyoipanga Sifuna, wanasema, hufika Malaba mpakani bila katoni moja kusogea. Novemba, siku za mvua, baiskeli ilimteleza karibu na reli akaangukia mkono wa kulia. Plasta wiki sita. Ilitolewa kabla ya Krismasi, lakini vidole havikurudi kama zamani. Dole gumba hasa. Hospitali walimpa mpira wa tenisi awe anaufinya. Aliufinya siku mbili. Sasa uko chini ya kitanda.

Mzee Mulei alisema kampuni imemvumilia. Lakini tarehe 31 ndiyo mwisho. Daktari wa kampuni atamwangalia vidole, kisha Baba atafunga kamba ya turubai mbele ya Mulei mwenyewe. Akiweza, anaanza Jumatatu. Akishindwa, kuna kijana amewekwa hapo kwa muda, na atabaki.

"Si mimi, Mzee Sifuna," alisema. "Ungekuwa mkono wangu ningekukopesha."

Baba alicheka kidogo. Mkono ulikuwa mfukoni.

Alipoondoka, Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba tukikosa kazi hiyo tunarudi Kimilili kwa nyanya. Sote. Hata matokeo yangu yakiwa mazuri namna gani.

Jumamosi, 11 Januari

Ramadhani imeanza. Jirani yetu, Mama Kulthum, anayeuza nguo za watoto sokoni, ametuletea bakuli la tambi magharibi, kama kila mwaka. Na mwaka huu kama kila mwaka Mama amelirudisha na ndizi ndani. Bakuli halirudi tupu.

Alama 4,100.

Jumapili, 12 Januari

Leo limetokea jambo.

Nilikuwa mlangoni nacheza. Baba kwenye kiti chake, anaangalia ukuta. Niliweka ngazi vibaya. Nikasikia nyuma yangu:

"Huo mzigo utaanguka."

Nilishtuka. Sikujua alikuwa anaangalia kioo.

"Anza na pembe, mayi," yaani mama, ndivyo anavyoniita kwa lugha yetu. " Pembe kwanza, halafu ukuta, halafu katikati. Unatupa tu katikati kama mtu anayemwaga mchanga."

Nilianza na pembe. Nikapata 5,000 na zaidi!

Kisha akanyoosha mkono — wa kushoto — na kusema, "Hebu."

Nikampa. Alicheza mpaka ugali ukawa tayari.

Jumanne, 14 Januari

Baba ana njia yake. Anajaza upande mmoja wote mpaka juu, kama mtu anayeanza nyuma ya kichwa cha lori kuja mlangoni. Matokeo: ukuta mkubwa kushoto, kulia hakuna kitu, na anakufa. Nilijaribu kumweleza kwamba msitari lazima ujae mpaka mwisho. Nilieleza kwa sauti ndogo sana. Alisema, "Naona," akajenga ukuta mwingine.

Na kingine kinamuudhi: msitari ukijaa unatoweka. "Kazi nzuri hivyo, wameiondoa!" Nikamwambia ndiyo ushindi wenyewe. Akatikisa kichwa. Anataka kuiona lori imejaa.

Mama Kulthum amekuja saa kumi na moja jioni, njaa imembana. "Nipeni hicho kidude kinisogezee jua." Alicheza kwa kelele. Chenye pua anakiita sambusa. Ngazi akaziita mapepo. Zikija anapiga kelele, "Rudi ulikotoka, shetani wewe, na mwezi huu umefungwa!" Adhana ilipolia aliacha vipande vinaanguka vyenyewe akakimbilia tende.

Baba alicheka kwa sauti. Tangu Novemba sijasikia hivyo.

Ijumaa, 17 Januari

Amejifunza kusawazisha. Sasa anajaza toka ukuta hadi ukuta. 3,800.

Lakini kuna jambo la ajabu. Hageuzi. Kipande kikija kimelala, anakilaza. Kikija kimesimama, anakisimamisha. Mama Kulthum ameliona pia. "Baba Nakhu, mbona huvigeuzi? Mti umelala na shimo liko wima!"

Baba akajibu bila kuinua macho. Katoni haigeuzwi. Kila katoni ina mshale: juu ni juu. Ukigeuza katoni ya chupa, umevunja chupa. Mpanga mizigo mzuri anatafutia katoni mahali, hageuzi katoni ili itoshee mahali.

Mama Kulthum alisema huyu ni mtu wa msimamo.

Mimi pia nilipenda maneno hayo. Niliyaandika haraka nisiyasahau. Hata nilijaribu kucheza bila kugeuza. Nilikufa kwa 600.

Jumapili, 19 Januari

Asubuhi tukijitayarisha kwenda kanisani nilirudi ndani kuchukua kitabu cha nyimbo. Pazia lilikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya Baba, anamfunga vifungo vya shati. Kimoja kimoja, kutoka chini. Baba anaangalia dari. Kisha kamba za viatu.

Nilitoka bila kitabu.

Ibada yote sikusikia kitu. Nilikuwa naangalia dole gumba lake juu ya goti. Limenyooka kama kijiti.

Si mshale. Kitufe cha kugeuza kiko kulia.

Jumatatu, 20 Januari

Nilitaka kumwambia. Nilipika chai, nikaweka sukari mara mbili, nikampa, nikasimama. "Nini, mayi?" Nikasema hakuna.

Nitasema nini? Yeye ni baba yangu. Na akijua kwamba najua?

Siku kumi na moja zimebaki.

Jumanne, 21 Januari

Nimesema.

Alikuwa anacheza vizuri, 4,000 na kitu, na mti ukaja umelala, na shimo lilikuwa wima ukutani, safi, limengoja. Angeugeuza mara moja tu angefuta minne. Akaulaza juu ya shimo. Akaliziba. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Baba, hivi havina mshale."

Basi. Maneno manne. Siku tatu za kuyatafuta.

Hakunitazama. Vipande vikaendelea kuanguka vyenyewe mpaka juu. Akaweka mchezo mezani taratibu, akavaa ndara, akatoka nje.

Sijui nimefanya nini. Ugali wake umepoa. Mama ananiuliza kimetokea nini, nasema hakuna. Neno hilo nimelitumia sana wiki hii.

Jumatano, 22 Januari

Mchezo haukuwa mezani nilipoamka.

Nilienda kuanika nguo nyuma ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, na hapo nyuma ya tangi la maji nikamwona. Amekaa juu ya mtungi wa plastiki, mgongo kwangu. Mchezo ameubana kati ya magoti. Mkono wa kushoto haukucheza — ulikuwa umelishika dole gumba la kulia na kulikunja. Linagusa kitufe. Linaachwa. Linakunjwa. Vipande vinaanguka ovyo, anakufa, anaanza tena. Hakuwa anaangalia alama. Kila akibonyeza alikuwa akivuta pumzi kwa meno.

Nilirudi na nguo zikiwa mbichi. Nimezianika mbele.

Ijumaa, 24 Januari

Sasa anacheza mbele yetu. Anageuza! Kwanza kwa kidole cha shahada, tangu jana kwa dole gumba lenyewe. Polepole. Mara nyingi kipande kinafika chini kabla dole halijafika. Lakini jembe moja, leo jioni, aliligeuza mara tatu na likakaa mahali pake kama funguo.

Mama Kulthum: "Eh! Na ule mshale, Baba Nakhu?"

Baba: "Nimesoma katoni upya. Haukuwepo."

Hakunitazama. Lakini alinisogezea kiazi chake kimoja.

Jumatatu, 27 Januari

Ugomvi! Lakini mdogo.

Mama hufanya kazi kwenye shamba la maua, Ruiru, na lazima awe barabarani kabla ya saa kumi na mbili. Leo aliamka, akatazama saa ya ukutani: saa kumi kasorobo. Akalala tena. Akaamka: saa kumi kasorobo. Akachungulia nje — jua!

Saa ilikuwa imekufa. Ndani hakuna betri.

Mama aliita kila mtu wa ploti mwizi. Mimi nilianza kusema si mimi, hata kabla ya kuulizwa. Ndipo Baba akasema kutoka kitandani, "Ni mimi." Betri za mchezo ziliisha jana alasiri. Moja aliipata kwenye tochi. Ya pili ilikuwa pale ukutani, haina kazi kubwa.

"Haina kazi kubwa! Baba Nakhu, mtu mzima! Mchezo wa watoto!"

Baba akakaa. Akainua mkono wa kulia. Akalikunja dole gumba mpaka likagusa kidole kidogo. Lilitetemeka, lakini liligusa. Akalishikilia hapo.

Mama alisimama na kiatu kimoja mkononi. Akavaa kiatu, akachukua mkoba. Mlangoni akasema, "Jioni nitanunua betri. Nne." Akaondoka, amechelewa saa nzima, na hakukimbia.

Nilibaki nimeangalia saa iliyokufa. Sikumbuki asubuhi nzuri kuliko hii.

Jumatano, 29 Januari

Limevimba.

Jana alicheza siku nzima. 9,200, hajawahi! Leo ameamka na dole gumba ni kama ndizi mbivu. Jekundu, la moto. Halikunjiki hata kidogo.

Siku mbili.

Ni mimi. Ningenyamaza angebaki na mshale wake. Lakini pia angebaki na mkono mfukoni. Sijui. Nimezunguka na wazo hilo kama mbuzi aliyefungwa.

Mama Kulthum alileta maji ya moto na chumvi, na mafuta ya habasoda kwenye kichupa. Alimkanda mwenyewe, anamgombeza. Kamba ikivutwa mno inakatika, alisema, na wewe unajua kamba kuliko mimi. Alimwamuru asiguse kitu mpaka Ijumaa. Hata kijiko.

Baba alimtii kama mtoto.

Alhamisi, 30 Januari

Leo mimi ndiye mikono.

Baba aliniambia nikae karibu. Niliushika mchezo, yeye akaangalia juu ya bega langu, mkono wake ndani ya bakuli la maji ya moto. "Geuza. Tena. Sukuma kulia. Ngoja — wacha ushuke. Haya." Tulicheza hivyo tangu chakula cha mchana. Sikuwahi kuongea na Baba muda mrefu hivyo, hata kama mengi yalikuwa "kulia" na "kushoto". Katikati alinieleza habari za malori. Kwamba katoni za sabuni hujipanga zenyewe, na za biskuti zina wivu. Kwamba alipoanza kazi alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuthubutu kuuliza choo kiko wapi, siku mbili nzima.

Nilimwuliza iliishaje. Alisema siku ya tatu aliuliza.

Tulipofika juu kidogo akaniambia, "Ukutani acha wazi." Nikashangaa. Ni yeye anayechukia mashimo! Kila shimo kwake ni mzigo utakaoanguka. Nikamwambia hivyo — nilimwambia, kwa sauti ya kawaida.

"Si shimo," alisema. "Hata kwenye lori. Anayepanga katoni ya mwisho yuko ndani. Lazima umwachie pa kutokea."

Alama 11,400. Mti ulikuja mara mbili.

Uvimbe umepungua. Si wote.

Ijumaa, 31 Januari

Ninaandika hapa kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari wa kampuni. Daftari liko juu ya goti. Mwandiko ni mbaya.

Baba alisema jana usiku anataka nimsindikize. Hakusema kwa nini. Asubuhi alifunga vifungo viwili vya juu mwenyewe, vilivyobaki Mama. Dole bado ni nene. Linakunjwa nusu, baada ya hapo anakaza uso.

Getini askari aliniuliza, "Na wewe msichana, unataka nani?" Baba akaanza kujibu. Nikajibu mimi. Nilisema nimekuja na baba yangu, Sifuna wa upakiaji, ana miadi saa nne na daktari. Askari akasema basi ingieni, si mngesema. Baba alinitazama pembeni.

Mzee Mulei amepita na kamba begani, mpya, ya manjano. Aliuliza kama tumekunywa chai. Ameenda kungoja uani. Kutoka hapa naona lori nyeupe na turubai yake imekunjwa nyuma. Na yule kijana pia naona, ameegemea gurudumu. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Aliinua mkono kunisalimia, nikamsalimia.

Tulingoja karibu saa nzima. Baba alitoa mchezo mfukoni akacheza, apashe vidole joto, alisema. Alicheza polepole, speedi ya chini kabisa. Nilihesabu: amegeuza mara kumi na saba. Mara mbili dole lilikataa, akangoja, akajaribu tena. Alijaza misitari minne bila shimo hata moja, kulia akaacha wazi. Juu ikaonekana mti.

Hapo mlango ukafunguliwa, wakaita, "Sifuna!"

Alibonyeza cha kusimamisha. Akanipa.

"Usiguse," alisema. "Nitaugeuza mwenyewe nikitoka."

Akaingia. Muuguzi akafunga mlango.

Sasa ni dakika ishirini. Kupitia ukutani nasikia sauti ya daktari, ya Baba siisikii. Sasa siisikii hata ya daktari. Uani Mzee Mulei ametandaza kamba chini, anaipima kwa hatua.

Niliweka kalamu, nikaushika mchezo kwa mikono miwili. Misitari minne chini, nafasi moja wazi ukutani, na mti huko juu umelala. Unataka kugeuzwa mara moja tu. Dole langu lilifika juu ya kitufe kile kikubwa.

Nimeliondoa.